Ukungu wa Upande wa Kushoto

Delcho alipotoka, Zlatina alisimama nyuma ya mlango akisikiliza viatu vyake vikishuka ngazi kutoka ghorofa ya nne. Lifti ilikuwa mbovu tangu Pasaka. Mlango wa chini ulipojibamiza alikwenda dirishani, akamwona akivuka kiwanja cha watoto na sanduku la miche ya nyanya mikononi, kichwa kimeinama, akitembea kandokando ya ukuta kama mtu anayeogopa kugongwa. Basi la saa tatu lingempeleka kijijini, kwenye kishamba chao, na asingerudi kabla ya jua kuzama.

Basi lilipokata kona, Zlatina alipanda kwenye kiti na kuishusha kamera kutoka juu ya kabati.

Aliishusha kwa mikono miwili. Mwezi wa tatu alikuwa ameshusha mfuko wa lenzi kwa mkono mmoja, na huo mkono mmoja ndio ulioleta yote haya.

Ilikuwa wiki ya usafi kabla ya Pasaka. Mapazia yote yamefuliwa, mazulia yamekunjwa yakisubiri kupelekwa nje kupigwa vumbi, na yeye juu ya kiti na kitambaa cha maji, akifuta mahali ambapo hakuna mgeni angewahi kupaona. Mfuko wa ngozi uliteleza. Ulidunda mara moja kwenye sakafu tupu, ukabingirika mpaka mguuni pa kitanda. Delcho alikuwa dukani. Zlatina aliitoa lenzi, akaigeuza kwenye mwanga: kioo kizima, hakuna mkwaruzo, hakuna ufa, pete zinazunguka laini kama zamani. Akairudisha mfukoni, mfuko juu ya kabati, na maneno yake tumboni.

Wiki tatu baadaye Delcho alipiga picha za ubatizo. Alizifungua kwenye kompyuta pale jikoni, akazipitia mara mbili. Padri alionekana vizuri, mtoto alionekana vizuri, hata tone la maji kwenye sikio la mtoto lilionekana. Lakini shangazi wote waliosimama upande wa kushoto walikuwa ndani ya ukungu. Ikaja harusi ya dhahabu, miaka hamsini ya ndoa, ya wazee wa mtaa wa pili. Kushoto, ukungu tena.

"Upande wa kushoto unaniondokea," alisema Delcho jioni ile. "Sioni ninacholenga."

"Labda lenzi," Zlatina akasema, akiwa ameuelekeza uso kwenye jiko.

"Lenzi hii? Ina miaka kumi na tisa mikononi mwangu na haijawahi kunidanganya. Baba yangu alianza hivihivi. Upande wa kushoto, akiwa na miaka sitini na mmoja."

Delcho alikuwa na miaka sitini na mmoja. Baba yake, Mzee Kolyo, alimaliza siku zake akiongozwa na kamba iliyofungwa kutoka mlangoni hadi chooni. Kwa daktari Delcho alikataa kwenda. "Nikaambiwe ninachokijua?" Akaanza kuaga vitu kimyakimya. Akamwambia Ginka wa ghorofa ya kwanza atafute mpiga picha mwingine kwa ajili ya Mirela, binti yake, aliyekuwa amalize shule Jumamosi hiyo. Kwa miaka thelathini hakuna mtoto wa jengo hili aliyeshuka ngazi na gauni lake la kumaliza shule, ngoma zikilia na wajomba wakirukaruka kwenye lami, bila Delcho kumsubiri pale chini na kamera. Na sasa ilikuwa Alhamisi; kesho yake mnunuzi kutoka mji wa Plovdiv angekuja kuichukua kamera pamoja na lenzi yake.

Kwa hiyo Zlatina alikuwa na siku moja.

Usiku wote alikuwa ameipindua hesabu hiyo kichwani, na kila alivyoipindua ilimuuma. Lenzi ikiwa nzima, yeye hana kosa, ila mume wake anapofuka. Lenzi ikiwa mbovu, macho ya Delcho ni mazima, ila mkewe amemwacha miezi miwili akijiombolezea mwenyewe. Hakuna jibu ambalo angelipokea akicheka. Lakini jibu lilikuwepo ndani ya kile kioo, na namna ya kulitoa aliijua. Alikuwa amemwona Delcho akifanya hivyo kwa kila lenzi iliyowahi kuingia humu ndani.

Kwanza kitu cha kulenga. Delcho hubandika gazeti. Zlatina alikuwa na kizuri zaidi ya gazeti. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akipanga maandishi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji nyuma ya soko, na kazi yake kubwa ilikuwa matangazo ya misiba, yale ambayo kila mtu hubandika kwenye mlango wa jengo, kwenye nguzo, kwenye kituo cha basi, siku ya kifo, siku ya arobaini, nusu mwaka, mwaka. Kila walipobadilisha wino walichapa karatasi ya majaribio: fremu nyeusi, msalaba, duara tupu la picha, na chini maneno madogomadogo ya kujazia nafasi tu. Karatasi hizo hazikuwa na marehemu. Zlatina alizijua herufi zake kama mtu anavyojua meno yake kwa ulimi. Alileta tisa.

Ndani ya nyumba hapakuwa na ukuta mtupu. Kila ukuta ulikuwa na kabati. Nje, kwenye ukumbi wa ghorofa, kulikuwa na ukuta mrefu mweupe kando ya mlango wao, na mbele yake dirisha kubwa linaloingiza mwanga mtulivu mpaka alasiri. Akabandika pale: tatu juu, tatu katikati, tatu chini, zimeenea kushoto hadi kulia. Akazinyoosha kwa kiganja. Akasogea mpaka mwisho wa ukumbi, mlangoni kwa watu waliohamia Ujerumani, akasimamisha stendi ya miguu mitatu, akaweka kipande cha utepe sakafuni penye kila mguu.

Kisha kioo. Hapa ndipo watu wengi hukosea, Delcho husema. Kamera ikikaa upande hata kwa unywele, kona moja ya picha itafifia, na mtu ataisingizia lenzi. Kwa hiyo unabandika kioo kidogo katikati ya ukuta, unachungulia kwenye kamera, na unaisogeza mpaka uione lenzi yenyewe ikikutazama kutoka katikati ya kioo. Zlatina alisogeza, akachungulia, akasogeza. Jicho jeusi la lenzi lilikuja polepole, likaingia katikati ya kioo, likatulia. Akakitoa kioo.

Akafungua tundu la lenzi mpaka mwisho, maana ubovu hujificha tundu likiwa dogo. Akalenga karatasi ya katikati mpaka nukta za maandishi zilipokaa wazi kama mbegu. Akaweka kamera isubiri sekunde mbili kabla ya kupiga, ili mkono wake usiitikise. Akabonyeza. Akarudi nyuma hatua moja, pumzi ameibana, kana kwamba hata pumzi ingeweza kutikisa jengo zima.

Kamera ikapiga.

Alipiga tatu, akaichomoa kamera kwenye stendi, akaingia nayo jikoni. Mlango aliuacha wazi kidogo. Akafungua picha kwenye kompyuta, akaikuza.

Katikati: safi. Aliona hata mahali wino ulipojaa kwenye herufi moja, kosa la mashine yao. Kulia juu, safi. Kulia chini, safi kiasi cha kusomeka. Akasogeza kwenda kushoto. Herufi zikaanza kuvimba, zikaota vivuli, zikashikana mikono. Kona ya kushoto juu ilikuwa uji.

Zlatina alikaa kitini. Basi macho ya Delcho ni mazima, na kosa ni lake yeye. Halafu akajisahihisha. Bado. Huenda kioo hakikukaa sawa ukutani. Huenda ukuta wenyewe umepinda; majengo haya yalijengwa na watu wenye haraka. Kulikuwa na hatua moja imebaki, ile ambayo Delcho huiita kiapo: unaigeuza kamera kichwa chini, miguu juu, unapiga ukuta uleule. Ukungu ukibaki mahali pale pale ukutani, kosa ni la ukuta au la stendi. Ukungu ukihamia upande wa pili wa ukuta, umefuata lenzi. Umekiri.

Akaileta stendi jikoni. Ili kamera ining'inie kichwa chini ilibidi nguzo ya kati ichomolewe na kuingizwa kutokea chini, na skrubu yake ilikuwa imekazwa na mkono wa Delcho. Zlatina alijaribu kwa vidole, kwa kitambaa, kwa koleo. Akawasha moto chini ya birika apate chai kwanza. Nje, ukumbini, karatasi tisa zenye fremu nyeusi zilikaa peke yake kando ya mlango wa Delcho Kolev, mpiga picha.

*

Aliposikia hatua alidhani ni mtu wa umeme. Lakini hatua zilikuwa nyingi, na mojawapo ilikuwa ya Shangazi Tsonka wa ghorofa ya tatu; magoti yake yanasikika kabla yake. Zlatina akatoka, koleo mkononi.

Shangazi Tsonka alikuwa amevaa nguo nyeusi kutoka kichwani hadi vidoleni. Mkononi alikuwa na mawaridi mawili. Nyuma yake Mzee Stamen, kofia kaivua, na mawaridi manne. Nyuma ya Mzee Stamen alikuwa Ginka, mama yake Mirela, uso umelowa, simu mkononi.

Mawili na manne. Zlatina aliyahesabu bila kutaka. Anayeishi hupewa maua witiri. Maua shufwa ni ya makaburini.

"Mwanangu," Shangazi Tsonka akasema, akamkumbatia pamoja na koleo. "Mwanangu Zlatina! Mungu amsamehe. Asubuhi tu nimemsikia akishuka. Nikasema, leo Delcho anakanyaga polepole. Kumbe anaaga!"

"Nani anaaga, shangazi?"

"Analia hajui analia nini," Tsonka akamwambia Mzee Stamen, ingawa Zlatina hakuwa akilia. "Mpeni maji."

"Shangazi, hakuna aliyekufa."

"Ndivyo nilivyosema mimi pia alipokufa mume wangu. Siku tatu. Mpeni maji, jamani!"

"Mara ya kwanza nilipanda nusu ya ngazi tu," Tsonka akaendelea, akimgeukia Ginka. "Magoti hayakuniruhusu. Nikatazama kupitia vyuma: nyeusi, nyeusi, nyeusi, ukuta mzima. Nikasema, moja ingetosha, lakini huyu mwanamke anafanya kazi uchapaji, amezipata bure." Akasogea ukutani, akakunja macho. "Lakini mwanangu, hili nitakusema, mbele ya Mungu nitakusema. Duara tupu! Mpiga picha amekufa na hamkupata picha yake hata moja?"

Mzee Stamen alikuwa amevaa miwani. Aliinama kwenye karatasi ya katikati, akasoma, akahama kwenye ya pili, ya tatu, kama mtu anayekagua mita za maji.

"Tsonka," akasema. "Hapa pameandikwa 'jina la marehemu'."

"Sasa ulitaka paandikwe nini?"

"Jina. La. Marehemu. Hivyo hivyo. Jina lenyewe halipo."

Ginka alikuwa ameshika simu kwa mikono yote miwili. "Mimi nilijua kuna kitu," akasema kwa sauti ndogo. "Nilipiga namba yake. Nikasema atapokea ndugu yeyote nimpe pole. Akapokea mwenyewe."

"Nani?"

"Marehemu."

"Ukamwambia nini?" Zlatina akauliza.

"Ningemwambia nini, dada? Nikamwambia, 'Delcho, Mungu akusamehe,' kama anavyoombewa marehemu, nikakata."

Watu wanne wakatazamana. Na kutoka chini, kwenye kina cha ngazi, ikaja sauti ya mtu anayepanda mbili mbili, anasimama kuhema, anapanda tena.

Delcho alitokeza akiwa na udongo magotini na fungu la vitunguu vya majani kwapani. Binamu yake alikuwa amemleta kwa gari, na hakuna aliyeuliza kwa mwendo gani. Alimtazama mke wake kwanza, kuanzia nywele mpaka miguu. Kisha akawatazama wengine.

"Nani amekufa?"

"Wewe," akasema Shangazi Tsonka, na hapo hapo akamtandika kwa mawaridi yake mawili kifuani. "Mpumbavu wewe! Nimekata waridi langu la kwanza la mwaka huu!"

"Shangazi, mimi nilikuwa napanda nyanya."

"Basi ungesema!"

Mzee Stamen alivaa kofia yake. Ginka alianza kucheka, kilio kikiwa bado hakijaisha, vikagongana kooni. Lakini Delcho hakucheka. Alikuwa amekwisha kuuona ukuta. Tatu, tatu, tatu. Akaona alama ya utepe pale kioo kilipokuwa. Akafuata kwa macho mstari mpaka mwisho wa ukumbi, ambako vipande vitatu vya utepe sakafuni vilionyesha mahali miguu ya stendi iliposimama. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Ilikuwa kazi yake mwenyewe, kwa mkono wa mwingine.

"Unapima lenzi," akasema.

"Ndiyo."

"Wewe."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Zlatina alikuwa ameyapanga maneno haya kwa miezi miwili. Aliyapanga yawe mengi, yenye mwanzo na sababu. Yalipotoka yalikuwa machache.

"Iliniponyoka, Delcho. Mwezi wa tatu, wakati wa usafi. Kutoka juu ya kabati."

Chai ilikuwa inachemka jikoni, birika likipiga mluzi, na hakuna aliyekwenda kulizima. Shangazi Tsonka alifungua mdomo. Mzee Stamen akamshika kiwiko.

Delcho aliweka vitunguu chini, juu ya ngazi, taratibu, kama vitu vinavyoweza kuvunjika.

"Umeshaigeuza?"

"Bado. Skrubu imenishinda."

Akapita katikati yao, akaingia jikoni, akazima jiko. Walisikia chuma kikilia mara moja. Akatoka na stendi, kamera ikining'inia kichwa chini katikati ya miguu yake kama popo. Akaiweka juu ya zile alama tatu. Akadai kioo, Zlatina akakibandika. Akalala kifudifudi sakafuni na suruali yake ya udongo ili achungulie, na hapo, Zlatina aliona, mkono wake ulisita.

"Njoo wewe," akasema. "Lenga wewe."

"Delcho, wewe ndiye..."

"Macho yangu leo ni mtuhumiwa, hayawezi kuwa shahidi. Lenga."

Zlatina akalala kando yake. Sakafu ilikuwa ya baridi. Lenzi ilipoingia katikati ya kioo, Mzee Stamen akakibandua. Akalenga karatasi ya katikati, nukta zikakaa kama mbegu. Akaweka sekunde mbili. Akabonyeza, na wote watano, Shangazi Tsonka na mawaridi yake pia, wakaacha kupumua.

Kamera ikapiga.

Waliitazama pale pale, kwenye kioo kidogo cha mgongoni mwa kamera, Delcho akikuza na kusogeza kwa kidole gumba, uso ameugeuzia dirishani.

"Soma. Upande wa kushoto wa ukuta, juu. Pale palipokuwa na ukungu."

"'Kwa huzuni kuu tunawatangazia,'" Zlatina akasoma. "Naona hata mkato."

"Kushoto chini."

"Safi."

"Kulia chini."

Zlatina akasogeza kichwa karibu zaidi.

"Uji," akasema. "Umehama. Delcho, umehama."

Delcho aliichukua kamera, akatazama mwenyewe. Alitazama kwa jicho la kulia. Akalifumba, akatazama kwa la kushoto. Kisha akaketi kwenye ngazi ya juu, karibu na vitunguu vyake, mikono imening'inia katikati ya magoti.

"Kipande cha kioo cha ndani kimekaa upande," akasema. "Kimetoka mahali pake. Kwa nje usingekiona."

"Sikukiona."

"Najua. Ngazi ni sitini na nne kutoka mlango wa chini hadi hapa. Ulikuwa unajua?"

"Hapana."

"Mimi najua. Kwa sababu tangu mwezi wa nne nazipanda nimefumba macho. Nikiwa peke yangu. Kwenye ngazi ya kumi na mbili ya ghorofa ya tatu kuna kipande kimevunjika. Kutoka kitandani hadi dirishani hatua saba. Nimejifunza kumimina maji kwa kusikiliza glasi. Nimejifunza kunyoa." Akagusa alama nyekundu chini ya kidevu, ile ambayo Zlatina alikuwa amemgombeza juu yake, kwamba anunue wembe mpya. "Nilitaka siku ikifika iwe nimeshazoea. Nisikusumbue kwa kamba."

Ginka alikuwa ameanza tena kulia, sasa kimya.

"Miezi miwili, Zlatina."

"Nilidhani umechoka," akasema. "Nilikuona unashika ukuta, nikadhani umechoka." Alijua kwamba hapo angeweza kunyamaza, na majirani wangemhurumia, na mambo yangepita. Akaketi ngazi moja chini yake ili wasitazamane. "Si hivyo tu. Zilikuwepo siku nilizoomba yawe ni macho yako. Ili isiwe mimi. Nilikuwa naomba hivyo huku nakupakulia chakula."

Chini, mtu alifungua mlango wa jengo, akaufunga, akaenda zake.

Delcho alichukua fungu la vitunguu, akaanza kuvichomoa majani yaliyonyauka, moja moja, akiyapanga kwenye ngazi. Yalipokwisha akasema, bila kugeuka:

"Yule mtu wa Plovdiv atapigiwa simu asije."

"Nitampigia."

"Nitampigia mwenyewe."

"Na Jumatatu utakwenda kwa daktari wa macho," Zlatina akasema. "Hata hivyo. Kwa sababu ya baba yako."

"Jumatatu nitakwenda."

"Na Jumamosi?" Ginka akadakia; hakuweza kujizuia. "Kaka Delcho, yule kijana niliyempata anapiga kwa simu. Kwa simu, fikiria! Mirela amelia jana usiku kucha."

Delcho alimtazama Ginka, macho yamevimba, uso umechafuka, simu bado mkononi. Akatazama ukuta na karatasi zake tisa. Akasimama, magoti yakilia kama ya Tsonka.

"Kabla sijakuahidi nataka kuona nyuso. Herufi hazipepesi macho. Kaeni pale ukutani, wote."

"Mbele ya karatasi za msiba?" Shangazi Tsonka akang'aka. "Ukanipige mimi picha pale? Nina miaka sabini na nane, unataka kumpa Mungu wazo?"

"Zibandue basi."

Walizibandua wakisaidiana, Mzee Stamen akizikunja nne nne kwa uangalifu, kwa sababu karatasi nzuri haitupwi. Delcho aliigeuza kamera ikae wima, miguu chini. Akarudi nyuma mpaka mlangoni kwa wale wa Ujerumani.

"Sikilizeni. Kuanzia katikati kwenda kulia kwangu nitakuwa na picha nzuri. Kushoto kwangu ni kubaya. Jumamosi nitawapanga wageni wote kulia, na kushoto nitaweka mti. Sasa hivi nahitaji mtu kushoto, nione ukungu unaanzia wapi."

"Si mimi," akasema Shangazi Tsonka, akimsukuma Stamen kulia. "Nimekuja na nguo yangu ya msiba, angalau nitoke vizuri."

"Mimi nina nywele hizi," akasema Ginka.

"Mimi sogea hivi, sogea vile, nitaanguka," akasema Mzee Stamen.

Zlatina alipita mbele yao, akaenda mpaka mwisho wa ukuta upande wa kushoto, pale kona ilipokuwa uji, akasimama mikono ubavuni. Delcho aliinua uso kutoka kwenye kamera. Alikuwa na nafasi ya kumwambia asogee. Wa kusimama badala yake walikuwepo, na stendi ya kofia ndani ilikuwepo, na kiti. Akamtazama kwa muda. Kisha akainama tena kwenye kamera, akalenga.

"Shangazi, mdomo."

"Umefanya nini mdomo wangu?"

"Funga."

Akapiga. Akapiga tena. Majirani wakamkimbilia kuona, wakasukumana juu ya kile kioo kidogo. Mawaridi ya Tsonka yalionekana mpaka miiba. Vifungo vya Mzee Stamen vingehesabika, na uzi wa kile kimoja kilichoshonwa upya kwa rangi nyingine. Ginka alikuwa mzuri kuliko alivyojijua. Na mwisho kabisa, kushoto, mvuke wenye umbo la mwanamke, kichwa kimeyeyukia ukutani, macho hayapo.

"Yesu," akasema Shangazi Tsonka. "Futa hiyo, Delcho. Mwenzio hakutoka kabisa. Anaonekana yeye ndiye marehemu."

"Sifuti."

"Utaiweka ya nini?"

Delcho alikuza kona ya kushoto, akaitazama kwa karibu, jicho moja, halafu jingine. Zlatina alikuwa bado amesimama pale alipowekwa, ukutani, asijue kama kazi imekwisha.

"Hapo hapo," mumewe akamwambia. "Usiondoke. Nahitaji moja ukiwa katikati."

Na akawaomba majirani wampishe, akaigeuza kamera imwelekee mkewe.